Kata Neti Usiku Huu

Cherehani unayo. Mkasi unao. Vidole unavyo, tena vinavyopiga bandi hata umeme ukikatika.

Unasubiri nini?

Umeshona sare za shule mpaka ukazichoka. Umeshona gauni la bibi harusi, shela ukalijaza shanga hadi alfajiri, na ukumbini watu wakaulizana limeagizwa Dubai au Uturuki. Lilitoka barazani kwako! Ukawasikia, ukanyamaza, ukarudi kwenye sare.

Halafu kwenye simu yako akatokea msichana amesimama juu ya ncha za vidole vya miguu, rinda limetanda kiunoni kama sinia, taji linameta kichwani. Ukaisimamisha video. Ukairudisha nyuma. Ukaikuza picha uione mishono. Kisha ukajiambia hayo ni mambo ya Wazungu, ukaizima simu.

Nani alikukataza?

Vazi lile limeshonwa na mtu. Ana chaki, ana futi, ana pini mdomoni na mgongo unamuuma. Nakueleza kazi yake, nawe unionyeshe ni wapi utakaposhindwa.

Vazi lenyewe, la wachezaji wa baleti, huitwa tutu. Chini kabisa kuna chupi, na juu ya chupi hiyo hushonewa safu za neti, mara nyingi 10 au 12, za chini fupi, za juu ndefu. Kila safu hukatwa, hukunjwa marinda, hushonwa mahali pake. Kisha inayofuata. Kisha inayofuata. Katikati hupitishwa waya mwembamba wa duara ili rinda lisilegee. Mwisho safu zote hushikizwa kwa mkono, kwa mishono milegevu iliyofichika, zisimame pamoja na zitikisike pamoja. Tutu moja humeza neti zaidi ya mita 10, na saa za kazi huhesabiwa kwa makumi.

Marinda huyawezi? Bandi huiwezi? Mstari uleule mara 12 utakushinda, wewe uliyewahi kumaliza sare za darasa zima kwa wiki moja?

Unaiweza hii kazi. Mikono yako haijawahi kuombwa kitu kikubwa, basi.

Sasa panda juu, kwenye bodisi. Hapa ndipo fundi hutenganishwa na mshonaji wa kupitisha siku. Bodisi ya baleti hubana kiwiliwili chote, na aliyeivaa anaruka, anapinda mgongo, anahema kwa nguvu. Ukiikata ovyo, akiinua mikono nguo nzima inampanda kidevuni. Kwa hiyo kwapani unaongeza kipande kinachoupa mkono nafasi. Kiunoni, pale mwenzake anapomshika ili amnyanyue, huweki shanga zenye ncha, maana zitamkwaruza viganja au kunasa nguo yake mbele ya watu. Mgongoni unashona kulabu, na vitanzi unavipanga mistari miwili au mitatu, ili vazi lilelile livaliwe na mwembamba mwaka huu na mnene kidogo mwaka ujao. Zipu ikifyatuka jukwaani, mambo yameharibika. Kulabu moja ikikatika, nyingine zinashika.

Umeona? Kila mshono una sababu. Hakuna uchawi hapo.

Na matunzo yake yana akili vilevile. Tutu hutundikwa juu chini ili neti isilale. Bodisi nzito ya mapambo haiwezi kufuliwa kila siku, kwa hiyo mafundi wa majumba makubwa huinyunyizia vodka kwa ndani, kileo kinaua harufu ya jasho na kukauka upesi. Mambo madogo haya ndiyo yatakayokufanya uaminiwe. Yajue.

Taji je? Taji ni waya, subira na vipimo vya kichwa. Unapinda waya mnene kufuata mviringo wa kichwa, unausokotea waya mwembamba wenye shanga au vioo vinavyometa, unaacha vitanzi vidogo vya kupitishia pini za nywele. Likiwa zito, litamwelemea anapozunguka. Likielemea upande mmoja, litamvuta. Likilegea, litaruka hadi kwa wapiga muziki. Na kumbuka aliyeketi mstari wa nyuma kabisa haoni ushanga mmoja mmoja. Anaona umbo na mwanga, basi. Pinda umbo kwanza, mapambo yafuate.

Pwani yetu watu wamekaa mwezi baada ya mwezi wakitoboa na kuzungushia uzi matundu madogo ya kofia ya viua, tundu kwa tundu, kwa mkono. Umekulia katikati ya mikono ya namna hiyo, halafu unaniambia taji la waya ni kazi ngeni?

Niseme na jambo zito, kwa sababu sitaki uichukulie kazi hii kama mchezo wa kupamba. Mwaka 1862, huko Paris, mchezaji kijana Emma Livry alikuwa kwenye mazoezi, marinda yake yakashika moto wa taa za gesi. Alifariki mwaka uliofuata. Dawa ya kuzuia moto kwenye vitambaa ilikuwapo, ila iliifanya neti kuwa ngumu na kufifisha weupe wake, naye alikuwa ameikataa. Fikiria fundi aliyelishona lile rinda. Anayevaa kazi yako anakukabidhi mwili wake. Unahitaji sababu gani nyingine ya kushona kwa bidii?

Najua utakachosema sasa. Utasema umri umekwenda.

Usithubutu!

Barbara Karinska alizaliwa Kharkiv, Ukraine, mwaka 1886. Alijua kudarizi. Mapinduzi ya Urusi yakamng'oa kwao, akahamia Paris, akaanza maisha upya na sindano yake. Mavazi ya baleti alianza kuyashona mwaka 1932, akiwa na miaka 45. Miaka 45! Baadaye akavuka kwenda Marekani. Mwaka 1949 alipokea tuzo ya Oscar pamoja na Dorothy Jeakins kwa mavazi ya filamu ya Joan of Arc. Alikuwa na miaka 62. Angeweza kuketi hapo, apokee pongezi.

Aliketi? Thubutu.

Mwaka 1950 mtunzi wa dansi George Balanchine alihitaji mavazi mapya ya baleti yake ya Symphony in C, ambayo mwisho wake hujaza wachezaji jukwaa zima. Tutu za waya zingegongana, moja ikiinua nyingine. Karinska akautoa waya. Akapunguza safu, akazifupisha, akaziacha zishikiliane zenyewe, laini, zikishuka kidogo kwenye nyonga. Tutu ya namna hiyo inashonwa hadi leo. Bodisi nayo aliikata upya: vipande vingine akavilaza mshazari, ili kitambaa kivutike mbavu zinapotanuka na mchezaji apate pumzi. Na chini ya marinda, mahali ambapo hakuna mtazamaji atakayepaona, alipenda kuficha mapambo madogo ambayo mvaaji peke yake ndiye aliyejua yapo. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Mavazi ya baleti ya Jewels ya mwaka 1967 aliyatoa akiwa na miaka 80. Ya Vienna Waltzes, mwaka 1977, akiwa na miaka 90.

Wewe una miaka mingapi? Itamke kwa sauti. Halafu urudie kuniambia umechelewa.

Utasema baleti haipo kwetu. Haipo wapi? Kibera watoto wanajifunza baleti. Joel Kioko, aliyekulia mtaa wa Kuwinda, Nairobi, alifika hadi English National Ballet School ya London. Baleti ya The Nutcracker imekwisha kuchezwa jukwaani Nairobi na watoto wa Kenya. Wale wote walivaa nini? Nani aliwapima? Nani aliwashonea? Kwa nini hukuwa wewe?

Tena kuna kazi ambayo imekaa ikikusubiri wewe hasa. Kwa miaka mingi kitambaa kilichoitwa "rangi ya ngozi" kilikuwa cha waridi, rangi ya ngozi ya watu wengine kabisa. Dance Theatre of Harlem, kundi lililoanzishwa New York mwaka 1969, liliamua soksi na viatu vya wachezaji wake vitiwe rangi vifanane na miguu yao. Kiwanda cha Freed of London kilitoa viatu vya baleti vya rangi za kahawia mwaka 2018, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black. Mwaka 2018! Jana tu. Bado kuna kamba za mabega, neti za kifuani na mikono ya nguo inayotakiwa ipotee machoni juu ya ngozi nyeusi. Nani anazijua rangi za ngozi zetu kukuzidi? Chukua lastiki nyeupe, itie rangi ya nguo, ikaushe, iweke juu ya mkono wa mtoto mwenyewe, uangalie kwa mwanga wa mchana. Imepauka? Ichovye tena. Jaribu mpaka ipotee.

Sikudanganyi kwamba fedha zitamiminika. Mchezaji wa baleti hapatikani kila mtaa, na pango la chumba halingoji. Endelea na sare, ndizo zinazolisha nyumba. Lakini bodisi utakayoijua kwa ajili ya mchezaji itaibadilisha kila gauni la harusi utakalokata baada ya hapo, na taji utakaloliweza litawekwa kwenye vichwa vya maarusi kabla halijafika jukwaani. Saa moja kwa siku. Saa ile unayoitupa kwenye simu ukiangalia kazi za wengine!

Usiniambie huna kitambaa. Kile chandarua kilichochanika, kilichokunjwa juu ya kabati, kinatosha kwa mazoezi. Kishushe. Kikate vipande virefu. Kunja marinda, piga bandi, shona safu ya kwanza kwenye bukta kuukuu. Itapinda. Fumua. Shona tena. Kisha safu ya pili. Kisha ya tatu, hata kama usiku umekwenda na nyumba nzima imelala.

Na Jumamosi beba futi yako, nenda kwenye darasa la dansi lililo karibu nawe, piga hodi, umwombe mwalimu mtoto mmoja wa kumpima.