Chuma Kimoja ni cha Nani?

Vijana wa chuo kimoja cha hapa kwetu Chamwino walituletea swali sisi wachungaji tunaowalea, nasi tumeona vema kulijibu kwa maandishi ili usharika wote ulipime pamoja nasi. Vijana hao walitaka kuanzisha klabu ya kunyanyua vitu vizito. Ruhusa ya mshauri wa wanafunzi waliipata. Mlezi walimpata. Katiba ya ukurasa mmoja waliiandika. Kilichowashinda hakikuwemo katika katiba: chuma ni kimoja, na wanaokitaka ni ishirini. Je, kiwe cha wale wawili watatu wenye nguvu, ambao wanaweza kukiletea chuo jina kwenye mashindano? Au kiwe cha yule aliyefika jana, ambaye hata kukishika hajui?

Mtu anaweza kuliona swali hili dogo. Lakini kila aliyewahi kukaa katika baraza la wazee amekutana nalo katika sura nyingine: kinanda ni kimoja na wanaotaka kujifunza ni wengi, au mfuko wa elimu unatosha mtoto mmoja na walioomba ni saba. Kwa hiyo tunapolijibu la vijana, tunajibu na letu.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Pawalifti si ule mchezo wa Olimpiki wa kuinua chuma hadi juu ya kichwa. Huu una minyanyuo mitatu tu. Wa kwanza, mtu hubeba chuma mabegani, huchuchumaa, kisha husimama. Wa pili, hulala chali kwenye benchi, hukishusha chuma hadi kifuani na kukisukuma juu. Wa tatu, hukiinua kutoka sakafuni mpaka asimame wima. Shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1972, na wanawake walianza kuwa na mashindano yao ya dunia mwaka 1980.

Vifaa vya kiwandani ni ghali, kwa hiyo vijana wengi hujitengenezea: bomba la chuma, na kila upande kopo lililojazwa zege. Hilo halina aibu. Tuliwaomba mambo mawili tu. La kwanza, kila kopo lipimwe kwenye mizani na uzito wake uandikwe juu yake, kwa maana Mithali inatuambia jinsi Bwana anavyoichukia mizani ya uongo, na anayejidanganya kuhusu kilo zake atajidanganya na mengine. La pili, stendi ichomelewe vyuma vya kukinga pande zote mbili, na asiwepo mtu wa kulala kwenye benchi bila mwenzake kusimama nyuma yake, kwa sababu chuma kikishinda mikono huangukia kifua au shingo. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther anaifafanua amri ya tano kwamba haitoshi kutomdhuru jirani katika mwili wake. Yatupasa pia kumsaidia. Basi kijana anayesimama nyuma ya benchi, mikono yake tayari, anaitimiza amri ya tano.

Wako wazee waliotuuliza kama kanisa lina haja yoyote na misuli. Walitukumbusha Paulo alivyomwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yanafaa kidogo. Ni kweli, ila kidogo si bure. Katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani, katekisimu ile ile inauhesabu mwili na viungo vyake miongoni mwa zawadi za Muumba, pamoja na akili. Zawadi hutunzwa. Hatari tunaiona: kijana anaweza kuifanya zawadi kuwa sanamu, akasimama mbele ya kioo kuliko anavyosimama mbele za Mungu, au akameza dawa za kukuza misuli ili aonekane na nguvu ambayo hakuipata kwa jasho. Dawa hizo ni mizani ya uongo iliyoingizwa ndani ya mwili. Lakini jambo kuharibika mikononi mwa baadhi ya watu si sababu ya kulikataza kwa wote. Ingekuwa hivyo, tungekuwa tumezifunga kwaya zamani.

Turudi kwenye chuma. Wenye nguvu wana hoja, na tuisikie kwa haki. Wanasema katika mfano wa talanta, Mathayo 25, aliyezalisha ndiye aliyeongezewa. Wanasema anayejiandaa kwa mashindano akisimamishwa kungoja, mwili wake hupoa na mazoezi yake huharibika. Wanasema pia kwamba chuo kikipata medali moja, huenda mkuu wa chuo akanunua chuma cha pili, na hapo wote watafaidi. Hiyo si hoja ya wachoyo.

Wanyonge nao wana hoja. Klabu ilisajiliwa kwa majina ya wote ishirini, na ada ya wote ndiyo iliyomlipa fundi. Anayefika mara tatu bila kugusa chuma, mara ya nne hafiki. Wala hafukuzwi na mtu. Hufifia tu, kama wanavyofifia washarika wengi ambao hatukuwaona walipoacha kuja. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi, na katika Warumi 15 anawadai wenye nguvu kuuchukua udhaifu wa wasio na nguvu. Anatumia picha ya mzigo. Nguvu kwake ina kazi, na kazi yake ni kubeba.

Lakini Maandiko hayakutupa ratiba ya mazoezi, na vijana walihitaji ratiba. Tukaangalia kanuni za mchezo wenyewe, tukakuta humo jambo la kutufundisha. Katika mashindano, kila mshindani hutangaza uzito atakaoujaribu, na katika kila mzunguko chuma huanza na uzito mdogo kikapanda. Aliyetangaza kilo chache ndiye wa kwanza kunyanyua. Bingwa hungoja. Anafika chumani mwishoni, baada ya wote, pleti zikiwa zimekwisha kuongezwa moja moja.

Tena, kila mwenye nguvu anayejua kazi yake huanza mazoezi ya siku kwa uzito mdogo, mara nyingi kwa chuma kitupu, ili kuupasha mwili joto. Maana yake ni kwamba kila siku upo wakati ambapo bingwa na mgeni wanahitaji kitu kile kile. Wanaweza kukutana hapo. Basi tukapendekeza hivi: mazoezi yaanze na chuma kitupu, kila mmoja apite, kisha kipande, na anayefikia mwisho wa uwezo wake asiondoke, bali abaki kupachika pleti na kusimama nyuma ya mwenzake. Wiki za mashindano zinapokaribia, siku moja iwe ya washindani peke yao, na wengine waje siku hiyo kuwahudumia.

Tusidai kwamba utaratibu huu hauna gharama. Mwenye nguvu atapata mizunguko michache kuliko angekuwa peke yake, na pengine kilo kadhaa atazikosa. Tunamwomba azitoe. Mwaka 1520 Luther aliandika juu ya uhuru wa Mkristo, akafundisha kwamba aliyewekwa huru kwa imani hana deni la kujipandisha mbinguni kwa matendo. Kwa sababu hiyo matendo yake yote yanabaki kuwa mali ya jirani. Kijana ambaye thamani yake haitegemei chuma anaweza kukiachia. Asiyeweza kukiachia, tunahofu chuma ndicho kinachomshika.

Mchezo huu unatufundisha jambo la pili. Washindani hugawanywa kwa uzito wa miili yao, na wa madaraja tofauti wakilinganishwa, hutumika hesabu inayozingatia uzito wa mwili, hata mwembamba anaweza kumshinda jitu lililonyanyua kilo nyingi kuliko yeye. Kipimo kinauliza mtu amefanya nini kwa kile alichopewa. Yule mjane wa Luka 21, aliyetia senti mbili, alipimwa kwa hesabu ya namna hiyo, akaonekana ametia kuliko matajiri wote.

Hapo tuwakumbuke mabinti, kwa maana miongoni mwa wale ishirini walikuwa wanne tu, nao walikaa nyuma. Chuma cha mashindano bila pleti huwa na kilo 20. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Binti wa vijiji vyetu ambaye tangu utotoni ametoka kisimani na ndoo kichwani, katika nchi hii kavu ya kati, amebeba uzito wa chuma hicho kwa mwendo mrefu, wala hakuna mwamuzi aliyemwashia taa. Akisimama mbele ya chuma asiambiwe kwamba mchezo ni wa wanaume. Na wavulana wanaojisifia nguvu wajiulize ni lini mara ya mwisho nguvu hiyo ilimtua mama ndoo.

Tuwakumbuke na wenye ulemavu. Katika Michezo ya Paralimpiki, kunyanyua vitu vizito kulianza Tokyo mwaka 1964, na huko hufanywa mnyanyuo wa benchi peke yake, hivyo asiyetumia miguu hushindana kwa haki. Jirani yetu wa Kenya, Hellen Wawira, alipata medali ya shaba kwa mchezo huo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham mwaka 2022. Kwa hiyo klabu yenye benchi ina mahali pa mwanafunzi wa kiti cha magurudumu, mradi njia ya kufika kwenye benchi isiwe na ngazi.

Hata hivyo, sisi ni wachungaji, na yatupasa kusema mahali ambapo mfano huu unakoma. Jukwaani husimama wasaidizi, wawili hadi watano, kumwokoa anayezidiwa. Lakini msaidizi akikigusa chuma kabla mnyanyuo haujakamilika, mnyanyuo huo hauhesabiki. Waamuzi watatu huwasha taa zao, na wawili wakiwasha nyekundu, jasho lote limekwenda bure. Hiyo ni haki kwa mchezo. Ndiyo sheria, nayo ni njema mahali pake: inamwonyesha mtu ukweli kuhusu nguvu zake.

Injili inatuambia kinyume chake. Mbele za Mungu hakuna aliyekiinua chuma chake mwenyewe. Tulikuwa chini yake, kimetukalia kifuani, na Kristo akatia mikono. Kwa jukwaa, mkono wa mwingine unafuta hesabu. Kwa Mungu, mkono huo ndio hesabu yenyewe. Ndiyo sababu kijana aliyepata taa nyekundu tatu anaweza kurudi bwenini akiwa bado mtoto wa Mungu kamili, bila kupungukiwa hata kilo moja. Na aliyeshinda hana la kujivunia pale madhabahuni anapopiga magoti kupokea mkate ule ule.

Basi jibu letu kwa vijana ni hili: chuma ni cha klabu, na klabu inajulikana kwa namna inavyomngoja mnyonge wake. Kwenu washarika tunaomba jambo moja. Baraza litakapokaa tena kugawa kilicho kimoja, iwe kinanda, mimbari ya vijana au fedha ya mfuko wa elimu, kabla ya kuuliza nani atatuletea jina, tuulize kwanza ni nani amekuja mara tatu bila kukigusa. Tumwite kwa jina, apite wa kwanza. Na wenye nguvu wabaki karibu, mikono yao tayari.