Pembea ya Uani na Haki ya Mtoto Kupanda

Swali hili ni jepesi kulitamka, bali ni zito kulijibu. Mzazi amwita seremala, amwambia awajengee watoto wake mahali pa kuchezea uani mwa nyumba: pembea mbili, ngazi, jukwaa dogo lenye kipaa, na ubao wa kutelezea. Kabla ya msumari wa kwanza kugongwa, mzazi huyu ajua kwamba siku moja mtoto mmoja ataanguka kutoka juu ya mbao hizo na kuumia. Je, yamfalia kujenga, kwa fedha zake mwenyewe, kitu ambacho ajua kitamliza mwanawe? Na akiacha kukijenga kwa sababu ya khofu hiyo, amemhifadhi mtoto au amemnyima haki yake?

Twawasikia watu wakijibu kwa njia mbili. Wa kwanza husema: Waacheni watoto, Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi; sisi tulipanda miembe na minazi, tukaruka baharini kutoka ngalawani, na leo tu watu wazima. (Waliokufa kwa kuanguka hawapo kutoa ushahidi wao, lakini hilo halisemwi.) Wa pili husema: Kaa chini, usipande, utaanguka, na mtoto wake hukaa chini, akakua hajui mguu wake wafika wapi. Watu hawa wawili hudhaniwa kuwa ni wapinzani, nasi twaona kosa lao ni moja. Wote wawili huihesabu hatari kuwa kitu kimoja cha kupimwa kwa wingi na uchache, kama chumvi: mmoja hajali ikizidi, mwingine hataki hata chembe.

Hatari za pembea ya uani ni za namna mbili, wala hazifanani. Iko hatari ambayo mtoto mwenyewe aiona, akaipima, akaamua. Na iko hatari ambayo mtoto haioni, wala hawezi kuiona, kwa kuwa imefichwa ndani ya kazi ya fundi.

Mtazame mtoto wa miaka mitano kwenye ngazi. Apanda vidato vitatu, asimama, atazama chini, ashuka. Kesho apanda vinne. Hakuna aliyemwamuru asimame kwenye kidato cha tatu. Khofu yake ndiyo iliyomwambia, na khofu hiyo ni mwalimu aliyewekwa ndani yake tangu kuumbwa. Mtu mzima anayemnyanyua na kumweka juu ya jukwaa, akidhani amsaidia, humharibia hesabu yote: sasa mtoto yuko mahali ambapo miguu yake haikumfikisha, wala haijui njia ya kushuka. Afadhali amwache chini alie kidogo.

Wala mchezo si upuuzi wa kuvumiliwa tu. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, asema katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mwema umpumzishe na taabu ya kusoma, na kwamba kumzuia mchezo na kumlemeza kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuizima akili yake. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka mia nane kabla ya mataifa kuuandika mchezo kuwa haki ya mtoto katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990.

Na kwamba mtoto huitaka hatari ya kuipima, hilo lilionekana wazi huko Denmark. Mchoraji wa bustani aitwaye C. Th. Sørensen alikuwa amekwisha buni viwanja vizuri vya watoto, kisha akatambua kwamba watoto huviacha na kwenda kucheza kwenye majengo yasiyokwisha, kati ya mbao na matofali. Mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Wajerumani, kilifunguliwa Emdrup, katika mji wa Copenhagen, kiwanja cha watoto kilichofuata fikira yake: watoto walipewa mbao, misumari na nyundo wajenge wenyewe, na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia. Bibi mmoja wa Uingereza, Lady Allen of Hurtwood, alikwenda akakiona mwaka 1946, akarudi kwao akahimiza viwanja vya namna hiyo vifanywe mahali palipobomolewa na mabomu. Nyundo ni kitu cha hatari, lakini ni hatari ambayo mwenye kidole huijua mara moja.

Sasa tuitazame hatari ya pili, na hapa ndipo penye haja ya kukaa, kwani wazazi wengi hupapita.

Huko Marekani, ambako pembea za mbao nyuma ya nyumba ni jambo la kawaida, hesabu imewekwa. Watoto zaidi ya 200,000 hupelekwa kila mwaka katika vyumba vya dharura vya hospitali kwa majeraha ya viwanja vya michezo. Wengi wao huanguka, nao hupona. Lakini waliokufa kati ya mwaka 1990 na 2000 walikuwa 147, na katika hao, 82 hawakuuawa na kuanguka: walinyongeka. Waliokufa kwa kuanguka chini walikuwa 31. Na vifo saba katika kila kumi vilitokea katika viwanja vya nyumbani, si vya umma. Basi mzazi asimamaye chini ya ngazi akipiga kelele, "Utaanguka!", aitazama hatari iliyo ndogo, na ile kubwa iko mbele ya macho yake katika sura ya kamba na pengo.

Pengo ni namna gani? Fundi huweka mbao za ukingo kuzunguka jukwaa ili mtoto asianguke, na kwa kubana mbao huziacha na nafasi ya kiasi cha sentimita 15. Jicho laona ni salama. Lakini mtoto mdogo huingiza miguu kwanza, kiwiliwili hupita, kisha kichwa hakipiti. Naye abaki ananing'inia kwa shingo. Ndiyo sababu wenye ujuzi wa kazi hii hukataza nafasi yoyote iliyo baina ya inchi 3 na nusu na inchi 9, yaani sentimita 9 hadi 23: ama iwe nyembamba hata mwili usipite, ama iwe pana hata kichwa kitoke. Hakuna mtoto duniani awezaye kulijua hilo kwa kutazama. Alijuaye ni fundi mwenye futi mkononi, na asipopima, dhambi ni yake na ya mwenye kumwajiri.

Kamba nayo ni hivyo hivyo. Kamba iliyofungwa juu ya jukwaa ikaachwa inalegea ni kitanzi kinachongoja. Nguo zenye mikanda shingoni, mitandio mirefu ya wasichana, yote hunasa kwenye kichwa cha parafujo iliyotokeza. Dawa yake si kumkataza msichana kupanda, kama wafanyavyo wengine kwa wepesi. Dawa ni kuchomeka mtandio na kukata parafujo. Na tuseme lililo wazi: uzi wa hirizi uliofungwa shingoni mwa mtoto ili umlinde ndio uzi ule ule unaoweza kumnyonga pembeani.

Kisha mbao zenyewe. Baadhi ya watu hununua nguzo kuukuu za umeme au za simu kwa kuwa ni rahisi na mchwa hazili. Haziliwi kwa sababu zimetiwa sumu: ama kreosoti, ama dawa iliyochanganywa kwa shaba, kromiamu na aseniki. Marekani watengenezaji waliacha kuitia dawa hii ya pili katika mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003, kwa kuwa aseniki hutoka juu ya ubao ikashika mikono, na mikono ya watoto huishia vinywani. Sisi wa pwani tuna boriti za mikoko, ambazo mchwa hawazipendi, na mwenye uwezo ana mvule. Ama msaiprasi mlaini, utafaa ikiwa nguzo haizikwi mchangani bali imewekwa juu ya kiguu cha chuma kilichoshikwa na zege. Kwani nguzo huoza pale inapoingia ardhini, mahali ambapo hapana mtu atazamaye.

Na ardhi. Udongo uliokanyagwa ni mgumu kama sakafu, na majani machache hayaupunguzii ugumu. Mchanga uliolegea wa kina cha sentimita 23 hutosha kwa mtoto aangukaye kutoka futi 4, wala si zaidi. Maranda na vipande vya mti hustahimili zaidi kuliko mchanga. Vienee futi 6 kila upande, na mbele na nyuma ya pembea zaidi ya hapo. Mtoto aliyekubali kuanguka hakukubali kuangukia saruji.

Atasema msemaji: Haya yote ni kukosa tawakkul. Mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, akaambiwa amfunge na ategemee. Kupima pengo ni kumfunga ngamia. Na baada ya kulipima, mzazi anyamaze, aketi barazani, amwache mtoto apande.

Limebaki jambo la watoto wa jirani, nalo ni gumu kuliko yaliyotangulia. Pembea haijengwi ikasetirika. Sauti ya kicheko huvuka ukuta. Sheria ya Kenya juu ya dhima ya mwenye mahali humtaka atarajie kwamba watoto hawatakuwa na hadhari kama ya watu wazima, na wako watu ambao kwa kuisikia hiyo hufunga mlango kwa kufuli. Twaona kufuli halitoshi, maana mtoto aliyefungiwa mlango hupanda ukuta, na ukuta una vigae vya chupa. Tena mgeni si kama mwenyeji. Mwanao alipanda kidato kimoja kwa siku. Huyu amekuja leo, awaona wenzake juu, naye aona haya kubaki chini. Haya hiyo humfunika macho, na hatari iliyokuwa wazi kwa mwanao imekuwa ya siri kwake. Mtoto wa miaka miwili naye ni hivyo hivyo, hata akiwa wa nyumbani. Kwa hiyo saa za kucheza ziwe na mtu mzima wa kukaa, mlango ukiwa wazi. Na ngazi ifanywe ya kuondoleka, kwa ndoana mbili za chuma, iingizwe ndani inapoadhiniwa magharibi.