Mama wa Shunemu Naye Alikosa Nyumba

Somo: 2 Wafalme 4:8-17 na 8:1-6

 

Habari ya mama wa Shunemu tumeisikia tangu shule ya Jumapili. Alikuwa mtu wa uwezo. Alipoona nabii Elisha anapita kwao mara kwa mara, alikubaliana na mume wake wamjengee chumba kidogo juu, wakamwekea kitanda, meza, kiti na taa. Tuviangalie vitu hivyo. Mama huyu hakuishia kumtakia mtumishi safari njema. Alifikiri: atalala wapi, atakula juu ya nini, giza likiingia ataona kwa nini?

Elisha alipotaka kumlipa, hata kumsemea kwa mfalme, mama alijibu kwamba hana shida, anakaa kati ya watu wake. Jibu hilo tunalijua. Kule Masisi, Rutshuru, Fizi na Uvira lilikuwa letu: shamba liko, jirani yuko, mgeni akifika anapewa kitanda na watoto wanalala chini.

Wahubiri wengi hukomea sura ya nne, mtoto anapofufuka. Ukifika sura ya nane, njaa inakuja, na mama yule yule amehama na jamaa yake, amekaa miaka saba katika nchi ya Wafilisti. Ni mkimbizi. Anaporudi, nyumba na shamba haviko tena mikononi mwake, naye anakwenda kumlilia mfalme. Aliyejenga chumba cha mgeni na aliyekosa nyumba ni mtu mmoja.

Hapa Nakivale mtu hugawiwa kiwanja, kisha anajijengea. Lakini kiwanja si nyumba. Mwenye nguvu anakanyaga udongo na kufyatua matofali. Bibi aliye peke yake, mlemavu, mama aliyejifungua juzi, hao watakanyaga udongo gani? Turubai linachanika kwa jua, na mvua za Machi zikianza utawakuta wakijibanza barazani kwa watu.

Wako wanaosema hiyo ni kazi ya shirika. Ni kweli, shirika lina sehemu yake, na majina yapelekwe huko mapema. Lakini mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani liliondoa msaada wa chakula kwa wakimbizi karibu milioni moja katika Uganda kwa kukosa fedha. Anayengojea orodha anaweza kungojea mpaka mvua ya pili. Kule Nyarugusu, Tanzania, Warundi walipofika kwa maelfu mwaka 2015, watu walilazwa makanisani na madarasani. Waliowapisha walikuwa wakimbizi kama sisi.

Basi tumekubaliana hivi. Vijana watakanyaga udongo, akina mama watachota maji, baba wenye ujuzi watasimamisha miti na kuezeka. Hatutamwuliza mtu anasali wapi, wala hatutamtaka aje kwetu Jumapili kama malipo. Imeulizwa kama tusianze na washirika wetu kwanza. Hapana, tutaanza na anayelowa zaidi.

Na tusimwachie mtu kuta tupu. Mama wa Shunemu aliweka taa na kiti. Sisi tutaweka mkeka, sufuria, taa na komeo. Komeo wengine wameliona ni anasa. Mwanamke anayelala peke yake usiku haoni hivyo.

Jumamosi hii, saa moja asubuhi, tutaanza kwa bibi anayelala nyuma ya kanisa. Kiwanja chake ni kile cha karibu na kisima. Njooni na majembe na madumu. Mbao za mlango zimepatikana. Bado bawaba mbili na komeo, mwenye navyo amwone shemasi.