Kufufua kichwa cha treni kikuukuu: Ni israfu au ni kulinda amana?

Katika makumbusho ya reli jijini Nairobi kipo kichwa cha treni ya mvuke chenye namba 5918. Jina lake ni Mount Gelai, yaani Mlima Gelai, ule ulioko kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron. Ni kimoja kati ya vichwa 34 vilivyoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, na vyote vikapewa majina ya milima ya nchi zetu hizi. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na kazi yao kubwa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Ilipofika 1980 zama zao zilikuwa zimekwisha. Karibu vyote viliishia kuwa chuma chakavu, vikabaki viwili tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hiki cha namba 5918 kilifanyiwa matengenezo, kikawashwa moto na kikatembea tena relini.

Ndugu msomaji, hapa ndipo linapozuka swali. Je, ni sahihi kutumia mali, muda na nguvu za watu kufufua chombo ambacho hakihitajiki tena, wakati shida za walio hai bado hazijakwisha?

Wanaosema hapana wana hoja nzito. Nchini Uingereza, kichwa mashuhuri kiitwacho Flying Scotsman, kilichoundwa mwaka 1923, kilikaa katika matengenezo toka 2006 hadi 2016 na kugharimu paundi milioni 4.2. Mwenye kuuliza fedha hizo zingejenga zahanati ngapi hakosei kuuliza. Matumizi yasiyo na manufaa ni israfu, hata kama mtumiaji ni tajiri na fedha ni zake.

Kwa hiyo tutazame manufaa yenyewe. Ukitaka kichwa cha treni kisimame tu kitazamwe, mpaka rangi mmoja anakutosha. Ukitaka kitembee, unahitaji watu wanaojua. Ndani ya boila maji huchemshwa mpaka mvuke unapata nguvu ya kusukuma pistoni, na boila dhaifu ni bomu. Ndiyo maana mabomba yake hukaguliwa moja baada ya jingine, kisha boila hujazwa maji baridi na kushindiliwa kwa mgandamizo mkubwa, ili kama kuna ufa uonekane kabla moto haujawashwa. Hata moto wenyewe huwashwa polepole kwa saa nyingi, kwani chuma hutanuka na kikiharakishwa hupasuka. Yako mengi ambayo michoro haiwezi kuyaeleza yote: mlio wa mvuke unaovuja, joto la beringi linalopimwa kwa kiganja, rangi ya moshi inayoonyesha moto umezidi au umepungua. Sisi tuliokalishwa chuoni mbele ya mwalimu tunalifahamu jambo hili. Elimu hupokewa kwa mtu, na kitabu peke yake hakitoshi.

Basi kinachookolewa katika kazi hii ni ujuzi zaidi ya chuma. Fundi aliyejifunza katika karakana za reli miaka ya 1950 leo ni mzee sana, kama yu hai. Akizikwa bila mwanafunzi, anazikwa na ujuzi wake.

Wengine huuliza: kikishabadilishwa mabomba, beringi na mabati, ni kile kile au ni kingine? Swali hili ni la kale. Wanafalsafa wa Kiyunani walibishana juu ya chombo cha baharini kilichobadilishwa mbao moja moja mpaka zote zikaisha. Watu wa pwani yetu wanalijibu bila kubishana. Jahazi hubadilishwa mbao, tanga na kamba, na bado huitwa kwa jina lake, maana linaendelea kufanya kazi yake na mafundi wake wamepokezana. Kichwa cha treni nacho ni hivyo hivyo. Kile chenye vyuma vyote vya asili, lakini hakuna anayejua kukiwasha, kimepotea zaidi kuliko kile chenye mabomba mapya na vijana wanaokielewa.

Iko hoja ya tatu, nayo tusiipuuze. Reli hii ilijengwa na mkoloni. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Waliletwa vibarua karibu 32,000 kutoka India, na wapatao 2,500 walikufa. Waafrika nao walibeba mizigo na kuchimba, wengi wao bila majina yao kuandikwa popote. Je, tukifufua injini ili watalii wapande na kunywa chai, tunawakumbuka wafu hao au tunawafuta?

Jibu langu ni kwamba kuyeyusha chuma hakumtendei haki marehemu yeyote. Lakini kukifufua na kuficha habari zake ni dhuluma ya pili. Mwenye kufufua na atimize mambo mawili: kila fundi mzee awe na kijana pembeni yake, na kila anayepanda asimuliwe habari yote, ya jasho na ya vifo. Yakikosekana hayo, wanaosema ni israfu wamesema kweli.

Hili si la Nairobi peke yake. Toka 2024 abiria wa Dar es Salaam anafika Dodoma kwa treni ya umeme. Ni neema, lakini nayo itazeeka. Watakaoitunza miaka 40 ijayo ni vijana wa leo, na inafaa tujiulize wanajifunzia wapi tabia ya kutunza, ikiwa kila kilichochakaa wanaona kinapelekwa kwenye mizani ya chuma chakavu.