Sarafu Isiyonunua Kitu

Sarafu hupigwa chapa ili iende sokoni. Hutoka mkononi mwa huyu ikaingia mkononi mwa yule, wala hapana aikumbukaye ilikopita. Lakini wako watu waliozizuia sarafu njiani, wakaikwangua sura ya mfalme na mahali pake wakachora jina. Tangu hapo sarafu ile haikununua hata mkate. Na kwa aliyepewa, ikawa haina bei.

Huko Uingereza, tangu mwaka 1787 mpaka 1868, wafungwa walikuwa wakipakiwa merikebuni kupelekwa Australia, huyu kwa miaka 7, huyu 14, na mwingine maisha. Wengi hawakurudi tena. Mfungwa hana mali ya kumwachia mama wala mke. Basi ilitwaliwa peni ya shaba, aghalabu ile kubwa ya mwaka 1797 yenye sura ya Mfalme George wa Tatu, ikasuguliwa mpaka ikawa laini, kisha ikachorwa kwa ncha ya chuma: jina lake, tarehe, moyo, au minyororo. Zaidi ya 300 ya sarafu hizo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Australia, mjini Canberra.

Huko Marekani nako, katika miaka ya 1870 na 1880, desturi kama hiyo ilikuwa pambo. Masonara walizisugua sarafu za fedha za senti 10, wakazitia nakshi ya herufi za majina, wakaziunga zikawa bangili, vipuli na pini za kifuani.

Sasa tujiulize: thamani ya ile peni ya mfungwa ilitoka wapi? Si katika shaba, wala si katika nakshi. Aliyeitoa alikuwa amezuiwa kuja mwenyewe, akatoa kile alichoweza. Peni ile ilikuwa udhuru wa kweli.

Je, sisi tusiozuiwa? Jirani yangu mmoja, bibi mzee, mwanawe yuko mji wa pili, mwendo wa saa tatu kwa basi. Kila Idi humpelekea dhahabu kwa mkono wa watu. Siku moja niliisifu bangili yake mpya. Akanijibu, "Maalim, bangili nimeiona. Mwenyewe huu mwaka wa nne sijamwona."

Sikuwa na jawabu. Nilimkumbuka dada yangu, ambaye mimi nami humpelekea salamu na kanga, nikajiona nimemaliza haki yake.

Sisemi zawadi ni mbaya. Zawadi huleta mapenzi. Lakini haimlipii mtu deni la kuonana na jamaa zake maadamu ana afya na nauli. Asiyeweza kwenda, na apeleke kumbukumbu. Awezaye, kumbukumbu yake ni uso wake mlangoni.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwaunga jamaa zetu wangali hai. Amin.