Nguzo Namba 9 ya Genoa

Tarehe 14 Agosti 2018, mvua kubwa ikinyesha, sehemu ya Daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, ilianguka pamoja na magari yaliyokuwa juu yake. Watu 43 walikufa. Naisimulia habari hii kwa sababu daraja lile lilikuwa limeonya kwa miaka mingi, na tabia ya kuahirisha mambo tuliyokwisha kuambiwa si ya Waitalia peke yao.

Daraja lilifunguliwa mwaka 1967. Mhandisi wake, Riccardo Morandi, alizifunika kwa zege nyaya za chuma zilizolibeba, ili zege lizikinge na kutu. Lakini zege likipata nyufa hupitisha maji, na kinachoendelea ndani hakionekani tena. Sisi wa pwani tunajua chumvi ya bahari inavyokula mabati. Genoa ilikuwa na chumvi hiyo, na juu yake moshi wa kiwanda cha chuma. Mwaka 1979 Morandi mwenyewe aliandika kuhusu kutu iliyokuwa ikilishambulia daraja lake. Aliyelibuni ndiye aliyeonya! Onyo gani jingine lilikuwa likisubiriwa?

Miaka ya tisini, nyaya za nguzo namba 11 zilikutwa zimeharibika, ikaongezewa nyaya mpya kwa nje. Nguzo namba 9, iliyojengwa kwa namna ileile na ndiyo iliyokuja kuanguka, ikaachwa. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mwishoni mwa 2017 wataalamu wa Politecnico di Milano walipima mitetemo wakaona nyaya za nguzo namba 9 hazitetemi inavyotarajiwa. Wakashauri uchunguzi zaidi na vipimo vya kudumu. Mradi wa kuimarisha ukaidhinishwa, kazi ianze baadaye mwaka 2018. Magari yakaendelea kupita. Nisijitoe: ningekalia kiti cha msimamizi wa daraja lile, huenda nami ningesubiri bajeti.

Miongoni mwa vipimo vya kudumu ni faiba, jamaa ya zile zinazotuletea intaneti. Ndani ya uzi wa kioo huchorwa alama ndogo mno zinazorudisha rangi moja tu ya mwanga. Uzi hugundishwa kwenye chuma au zege. Kinapovutika nao huvutika, na rangi inayorudi hubadilika. Mita moja ikirefuka kwa sehemu ya elfu ya milimita, chombo kinatambua. Kioo hakipati kutu, wala umeme wa radi hauvurugi vipimo vyake. Joto, hata hivyo, hubadilisha rangi hiyohiyo, hivyo lazima lipimwe kando, la sivyo jua la mchana litasomeka kama hitilafu.

Ila tusidanganyane. Faiba haioni kutu. Inaona mvutiko tu, tena kuanzia siku ilipofungwa. Uchakavu wa nusu karne iliyotangulia hauko kwenye kumbukumbu zake. Ndiyo maana ifungwe mapema, daraja likiwa zima, ili tujue uzima wake unasomekaje. Na takwimu zikitiririka ofisini pasipo mtu mwenye mamlaka juu ya barabara, zitakuwa ripoti nyingine kabatini.

Siku ile Genoa ilikuwa mkesha wa sikukuu, wengi wakienda likizo. Hakuna msimamizi anayependa kufunga barabara siku kama hiyo. Basi tuandike kabla uzi wa kwanza haujagundishwa: kipimo kikifika hapa, fulani anafunga daraja, bila kumsubiri mkubwa arudi kazini.