Ubao Usioonekana

Kayole iko mbali na pwani, na yamkini kijana akaaye huko hajapata kupanda jahazi. Lakini huwaona mafundi wa jua kali kando ya njia wakinyoosha mabati ya matatu kuukuu, na pengine rangi mpya ikipakwa juu ya kutu. Atanielewa upesi.

Huko Lamu, jahazi hupwelezwa wakati wa bamvua. Maji yakipwa, fundi huingia chini yake akakwangua, akakalafati nafasi za mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, kisha akapaka deheni ya shahamu na chokaa. Ubao uliooza hutolewa, na mwingine ukatiwa mahali pake. Baada ya miaka mingi pengine hausalii hata mmoja wa zile za kwanza. Je, jahazi ni lile lile? Wayunani wa kale walibishana hivyo juu ya merikebu ya Theseus, wala hawakuafikiana. Mimi nasema ni lile lile. Lakini swali hilo halimzamishi mtu.

Limzamishalo ni hili. Mwenye jahazi ana fedha za jambo moja tu. Anunue mashine, awahi kuliko wenzake na kusifiwa bandarini, au abadilishe mbao tatu zilizo karibu na mkuku? Mashine si mbaya, maana upepo hauna ahadi. Lakini mtikiso wake hulegeza misumari iliyo katika ubao mbovu. Abiria hutoa nauli bila kuinama kutazama chini, kama vile apandaye matatu Kayole alfajiri asivyouliza habari za breki.